Mwalimu, Mtaala na Lugha: Safari ya Elimu ya Juu ya Ualimu Katika Meru na Embu

1. Utangulizi

Mwaka 1949 Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha kitabu kidogo, Basic Principles of Curriculum and Instruction, ambacho hadi leo ni msingi wa masomo ya uzamili katika mtaala na ufundishaji. Kitabu hicho kimejengwa juu ya maswali manne: shule inakusudia kufikia malengo gani, ni mafunzo gani yatakayomfikisha mwanafunzi kwenye malengo hayo, mafunzo hayo yapangwe vipi, na itajulikanaje kwamba malengo yamefikiwa. Hapana swali hata moja kati ya hayo linalouliza mafunzo yatolewe kwa lugha gani.

Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, swali hilo lisiloulizwa ndilo linalotangulia mengine yote. Eneo ambalo leo ni kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu lina Kiimenti, Kitigania, Kiigembe, Kimwimbi, Kimuthambi, Kichuka, Kitharaka, Kiembu na Kimbeere. Lugha hizi zinakaribiana, lakini mtoto wa darasa la kwanza hasomi ukaribu wa lugha. Husoma maneno yaliyo mbele yake. Azma ya makala haya ni kuonyesha jinsi mamlaka ya kuamua mtaala yalivyohama katika eneo hili, jinsi mwalimu alivyoyafuata kwa kutafuta elimu ya juu, na jinsi lugha ya mtoto ilivyoathirika katika safari hiyo.

2. Mtaala wa misheni

Shule za kwanza zilifuata vituo vya dini. Kanisa la Kianglikana, kupitia C.M.S., lilijikita Kigari katika Embu. Wamethodisti walikaa Kaaga, karibu na mji wa Meru. Wakatoliki wa shirika la Consolata walienea pande zote mbili. Na mwaka 1922 misheni ya Kiskoti ilifungua kituo cha Chogoria chini ya Dkt. Clive Irvine. Kila kituo kilikuwa na mtaala wake kwa maana halisi ya neno hilo: kilichagua cha kusomwa, kitabu cha kukisomea, na lugha ya kitabu hicho.

Uchaguzi wa lugha haukutokana na uchunguzi wa lahaja. Ulitokana na mahali kituo kilipojengwa na vitabu vilivyokuwapo. Kwa kuwa Kikuyu kilitangulia kuandikwa, vitabu vyake vilitumika Embu na Chogoria miongoni mwa watu ambao Kikuyu hakikuwa lugha yao ya nyumbani. Kwa upande wa Meru, lugha iliyoandikwa iliegemea sana Kiimenti, lugha ya watu waliokizunguka kituo cha Kaaga. Biblia nzima ya Kimeru ilitoka mwaka 1964. Mtharaka na Mwigembe walitarajiwa kujiona ndani ya maandishi hayo, nao walijiona kwa kiasi tu.

Mwalimu wa wakati huo hakuwa na sauti katika mambo haya. Kazi yake ilikuwa kutekeleza. Hata hivyo, tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilihimiza elimu ifungamane na maisha ya kijiji na lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya mwanzo. Na mwaka 1925 shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Hapo walimu wenye uzoefu waliitwa kurudi masomoni ili wasomee ufundishaji wenyewe, kisha warudi kuzisimamia shule za vijijini. Ingawa mafunzo hayo hayakuwa shahada, ndani yake mlikuwa na mbegu ya wazo kwamba kufundisha ni taaluma iwezayo kuchunguzwa na aliye ndani yake.

3. Wazazi wajibu swali la lugha

Yafaa ieleweke kwamba wenyeji hawakusubiri wataalamu ili watoe rai yao. Mgogoro wa tohara ya wasichana wa mwaka 1929 uliwatenga waumini wengi na misheni, Chogoria ikiwa miongoni mwa vituo vilivyopata pigo kubwa. Baada yake shule huru zilienea kutoka Kikuyu hadi Embu na Meru. Katika shule hizo wazazi walidai Kiingereza kifundishwe mapema kuliko misheni ilivyotaka kukifundisha.

Dai hilo laweza kumshangaza msomi wa leo anayeitetea lugha ya mama. Lakini wazazi waliona wazi kwamba elimu ya lugha ya kienyeji, kama ilivyopangwa na serikali ya kikoloni, ilikuwa elimu yenye dari: ilimfikisha mtoto mahali fulani ikamwacha hapo. Hawakukikimbilia Kiingereza kwa kuidharau lugha yao. Walikitaka kwa sababu ndicho kilichokuwa mlango. Ripoti ya Beecher, iliyotolewa mwaka uleule wa kitabu cha Tyler, iliwazidishia hofu hiyo kwa kupanga elimu ya Mwafrika katika ngazi tatu za miaka minne minne, na kila ngazi ikiwa na mchujo wake. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 serikali ilizifunga shule huru, na chuo cha ualimu cha Githunguri kikafungwa pamoja nazo. Kufungwa huko kuliondoa jaribio kubwa la wananchi la kujiamulia mtaala.

4. Elimu ya juu kama njia ya kutoka darasani

Katika kipindi hicho mwalimu aliyetaka kusomea elimu kwa kina alilazimika kwenda mbali: Makerere kwanza, kisha Uingereza. Jeremiah Nyagah wa Embu ni mfano ulio wazi. Alipitia Alliance High School na Makerere, akafundisha, kisha akasomea stashahada ya elimu Oxford. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka mmoja kabla yake, Bernard Mate wa Meru, naye mwalimu, alikuwa amekwisha kumshinda Eliud Mathu katika uchaguzi wa Jimbo la Kati, ambamo masharti ya uaminifu yaliwapunguza sana wapiga kura wa Kikuyu na kuzipa kura za Meru na Embu uzito mkubwa. Baada ya uhuru Nyagah alikuwa Waziri wa Elimu kuanzia mwaka 1966 hadi 1968.

Mifano hii haitajwi kwa lawama. Taifa changa lilihitaji watu, na walimu ndio waliokuwa wamesoma. Lakini yaonyesha desturi iliyodumu baada yao: elimu ya juu ya ualimu ilimwondoa mwalimu darasani. Aliyeipata alikuwa afisa wa elimu, mkaguzi, mkufunzi au kiongozi. Vyuo vya ualimu vya Kigari, Meru na Egoji viliendelea kuwatoa walimu wa msingi kwa wingi, lakini kati ya mwalimu wa cheti na mtu wa shahada palikuwa na ufa mpana. Wa kwanza aliijua lugha ya mtoto bila kuwa na mamlaka juu ya mtaala. Wa pili aliyapata mamlaka, lakini yalimchukua hadi Nairobi.

5. Mtaala wa Nairobi

Kuanzia mwaka 1957 Kituo Maalumu cha Nairobi kilieneza mbinu mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, mbinu iliyoanzia katika shule za Wahindi wa mjini. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono mwelekeo huo. Lugha za kienyeji ziliachiwa kipindi cha kila siku cha kusimulia hadithi. Taasisi ya Elimu ya Kenya ilipoundwa katika muongo huohuo, kazi ya kuandika mitaala ilikusanywa mahali pamoja. Mwaka 1967 sheria ilianzisha Tume ya Kuwaajiri Walimu, na mwalimu wa Igembe akawa chini ya mwajiri mmoja na mwalimu wa Kwale.

Umoja huo ulileta faida nyingi, na usawa ndio mkubwa wao. Lakini mtihani ulikuwa mmoja, na ulijibiwa kwa Kiingereza. Kamati ya Gachathi ilipopendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha itumikayo katika eneo la shule, pendekezo hilo lilikuta mashina yamekwisha kuota upande mwingine. Kiswahili ndicho kilichopata nguvu mpya: chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa.

Katika miaka hiyo masomo ya mtaala yalipata makao nchini. Kitivo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilihamishiwa Chuo cha Kenyatta mwaka 1978, na chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1985. Mwaka 1992 J. Shiundu na S. Omulando walitoa kitabu kuhusu nadharia na utekelezaji wa mtaala nchini Kenya. Sasa mwalimu wa Runyenjes au Maua hakuhitaji kuvuka bahari. Alihitaji ruhusa, karo, na nauli ya kwenda Nairobi. Na palipokuwa na masomo ya likizo, alisoma Aprili, Agosti na Desemba, kisha akarejea darasani muhula ulipofunguliwa. Mpango huu wa likizo ulibadili jambo moja muhimu: ulimruhusu mwalimu kusoma bila kuiacha kazi yake.

6. Shahada yafika nyumbani

Mwanzoni mwa karne hii vyuo vikuu vilifika katika eneo lenyewe. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya, chenye makao yake Meru, kilipata hati yake mwaka 2006. Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru jirani na makao ya wazee wa Njuri Ncheke, zilipata zao mwaka 2013. Na Embu mwaka 2016. Masomo ya uzamili ya elimu yanapatikana Chuka na Meru. Umbali wa ardhini umekwisha.

Umbali wa lugha haujakwisha. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa nchini kote mwaka 2019, umezipa lugha za kienyeji nafasi ya somo katika madarasa matatu ya kwanza. Lakini muundo wa somo hilo umeandikwa kwa Kiingereza, na ni mmoja kwa lugha zote. Mwalimu wa Tharaka ndiye anayepaswa kuugeuza kuwa Kitharaka.

Ugumu wa kazi hiyo waonekana katika jambo dogo kama irabu. Kiembu na Kimeru vina irabu saba. Kiswahili kina tano, na herufi za irabu za Kirumi ni tano. Maandishi ya Kiembu hutofautisha irabu mbili za ziada kwa alama juu ya i na u. Maandishi mengi ya Kimeru huziacha alama hizo. Mtoto anayejifunza kusoma Kimeru saa mbili na Kiswahili saa tatu hukutana na herufi moja yenye thamani mbili. Apewe ipi kwanza? Maneno gani yatangulie? Kosa lake lisahihishwe vipi? Haya ni maswali ya mtaala na ufundishaji kama yale ya Tyler, nayo hayawezi kujibiwa na mtu asiyeijua lugha hiyo, wala na anayeijua bila kuwa na taaluma.

7. Hitimisho

Historia hii inaonyesha hali tatu. Katika ya kwanza, aliyeamua mtaala hakuijua lugha ya mtoto vya kutosha. Katika ya pili, aliyeijua alipanda ngazi akaondoka. Katika ya tatu, ambayo ni ya sasa, yupo mwalimu anayefundisha Mbeere au Tigania mchana na kuandika tasnifu ya mtaala usiku. Kwa mara ya kwanza ujuzi wote wawili umo katika mtu mmoja.

Kikwazo kilichobaki ni kwamba tasnifu hiyo huandikwa kwa Kiingereza, huku darasa linalochunguzwa likiendeshwa kwa lugha nyingine. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Kenya zimekwisha kuthibitisha kwamba utafiti wa uzamili waweza kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeifanya kuwa rasmi. Idara za elimu hazina sababu ya kitaaluma ya kutofuata njia hiyo. Vilevile, kiongozi cha mwalimu kilichoandikwa kwa Kitharaka na kujaribiwa darasani kinastahili kupimwa kama sehemu ya kazi ya shahada, si kama kazi ya pembeni. Wazazi wa mwaka 1930 waliikataa lugha yao shuleni kwa sababu haikuwafikisha watoto wao popote. Ikiwa shahada inaweza sasa kupatikana kwa kuifanyia lugha hiyo kazi, basi hoja yao itakuwa imejibiwa, na dari waliyoiogopa itakuwa imeondolewa na watoto wa watoto wao.