Kamera ya Begani

Zamani za kabla ya mkanda, maarusi wa mjini ndio waliomwendea mpiga picha, wala mpiga picha hakuwaendea wao. Unguja ilikuwa na mastadi wa kazi hiyo tangu karne ya 19, miongoni mwao A. C. Gomes, Mgoa, na ndugu wawili wa ukoo wa Coutinho. Na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Maarusi wakiketishwa mbele ya pazia, wakiambiwa wasipepese macho, na kamera ikisimama juu ya miguu yake mitatu kama mtu mzima aliyealikwa kushuhudia. Nayataja haya mapema kwa sababu habari ninayokusudia kuisimulia, ya watu wapigao video za harusi pasina kuajiriwa na mtu, haifahamiki vema mpaka ijulikane ya kwamba haiba ya kamera, ukubwa wake na namna inavyotazamwa na hadhirina, ilikwisha kutua machoni mwa watu wa pwani kabla video yenyewe haijakuwako.

Video ilipokuja haikuja ikiwa kitu kimoja. Mwanzoni kamera ilikuwa kando na mashine ya kurekodia ikawa kando, zimeungwa kwa waya, na aliyeitaka kazi hiyo akahitaji bega la kamera na bega jingine la mashine, au kijana wa kumfuata nyuma kama mchukuzi wa bandarini. Mwaka 1983 Sony wakatoa Betamovie, iliyokusanya vyote viwili katika chombo kimoja, ingawa haikuweza kuonyesha kilichorekodiwa, ikambidi mwenyewe aende nyumbani na imani yake tu; mwaka uliofuata JVC wakatoa chombo chao kidogo cha GR-C1, ambacho kiliweza kurekodi na kuonyesha pia. Vyombo vya namna hii viliingia pwani mikononi mwa jamaa waliorudi kutoka Uarabuni, na katika masanduku ya wafanyabiashara. Na upande wa Tanzania njia ilizidi kupanuka pale masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalipoanza kulegezwa mwaka 1984, na zaidi baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwaka 1985, naye akapewa na watu lakabu ya Mzee Ruksa.

Hapa pana jambo ambalo aghalabu husahauliwa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema miaka ya 1970, na Kenya ilianza kutangaza kwa televisheni mwaka 1962, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Basi kwa muda wa miaka kumi na zaidi, nyumba nyingi za Dar es Salaam na Tanga zilizokuwa na televisheni zilikuwa nayo kwa ajili ya deki tu: ukitia mkanda pana picha, ukiutoa pana chengachenga na mshindo kama wa mvua juu ya bati. Mikanda ya kuazima ilikuwa ya Kihindi, ya ngumi na ya vita, na waliomo ndani yake wote walikuwa wageni. Mkanda wa harusi ndio uliokuwa wa kwetu. Humo ndimo watu walimomwona shangazi yao akicheza, wakausikia mtaa wao ukipiga vigelegele, wakajiona nafsi zao wakila pilau kwa namna ambayo laiti wangalijua wanarekodiwa wasingaliila hivyo. Mpiga video, pasipo yeye mwenyewe kujua wala kudai, akawa ndiye kituo cha televisheni cha mtaa.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa desturi zake. Kamati ya harusi ilimwita, ikapatana naye, ikampa malipo ya awali ambayo mengi yaliishia katika kununua kaseti na kukodi taa, na baki ikangojea mkanda ukabidhiwe. Na kwa kuwa michango huchangwa kwa bidii kabla ya harusi na kusahauliwa kwa bidii baada yake, baki hiyo ilikuwa na tabia ya kupotea. Ndiyo maana mpiga video mwenye akili hakuutoa mkanda kabla ya fedha, naye bwana harusi hakuitoa fedha kabla ya kuuona mkanda, na baina ya wawili hao ikapita miezi.

Katika kuchagua kamera, mtu wa mbali angedhani kwamba anayeishi kwa picha hutafuta picha iliyo bora. Haikuwa hivyo. Tangu mwaka 1985 palikuwapo kamera za mkanda wa milimita 8, nyepesi, na picha zake si haba. Lakini mkanda ule haukuingia katika deki ya mtu yeyote mtaani, ukalazimu kunakiliwa kwenye VHS, na kila nakala ilipunguza picha kama chai inayoongezwa maji. Kamera kubwa za Panasonic zilizomeza kaseti nzima ya VHS, na hasa ile M9000 ambayo katika miaka ya 1990 ilikuwa karibu sare ya kazi, zilikuwa na faida mbili zilizo wazi: kaseti ya E-180 ilikwenda saa tatu bila ya kubadilishwa, na sherehe ilipokwisha mwenye haraka aliweza kuichukua palepale akaitia katika deki yake usiku uleule.

Faida ya tatu ndiyo iliyozishinda hizo, nayo haikuandikwa katika kijitabu cha maelezo. Kamera ile ilikaa begani. Aliyeibeba alipita katikati ya ukumbi, watu wakampisha. Mshereheshaji alinyamaza akamngoja. Wazee wakakunjua kanzu na kuketi vizuri. Jirani akichungulia dirishani alijua kwamba harusi hii imepigwa video, na kujua kwa jirani ni sehemu ya kilicholipiwa. Nimewasikia mafundi wa zamani wakikiri kwamba waliendelea kuibeba M9000 hata baada ya kuwa na kamera ndogo iliyo bora kuliko hiyo, kwa kuwa kila walipokwenda na ndogo waliombwa kupunguza bei.

Adabu za kazi zilionekana katika mambo madogo. Kaseti ya VHS ina kijino cha plastiki mgongoni mwake, na kijino kikiwapo deki hukubali kurekodi, kikivunjwa hukataa. Fundi mwaminifu, mara tu mkanda ulipojaa, aliutoa katika kamera, akachomeka ncha ya bisibisi au ya kalamu, akakivunja kijino kwa mlio wa tak ambao waliokaa karibu waliusikia, kisha akaandika tarehe juu ya karatasi ya kaseti na kuitia mfukoni, wala si katika begi. Aliyempigia dada yangu hakuwa na adabu hiyo. Mkanda ulifika nyumbani na kijino chake kizima, ukakaa juu ya deki pamoja na mikanda mingine, na Jumapili moja ndugu yangu mmoja, akitafuta mkanda wowote wa kurekodia mpira, akautia. Hata leo harusi ya dada yangu ina mwanzo na ina mwisho, na katikati pana kipindi cha kwanza chote na dakika kadhaa za kipindi cha pili. Shemeji yangu huutazama mkanda huo kwa furaha kuliko inavyompasa.

Taa ilikuwa balaa ya peke yake. Kamera za zama zile zilitaka mwanga mwingi, na taa ya wati elfu ikimulikwa usoni mwa bibi harusi aliyekwisha kupakwa poda, kwa joto la mwezi wa Februari, ilimfanya atokwe na jasho lililochora njia kutoka kipajini hadi kidevuni. Umeme ukikatika, taa ikafa, na betri ya kamera nayo haikudumu. Basi mpiga video alikuwa mtu wa kuulizia soketi kabla ya kuulizia chakula.

Katika Mombasa na Lamu desturi ililazimisha chaguo jingine. Usiku wa kupamba, bibi harusi hukaa juu ya jukwaa mbele ya wanawake watupu, nao huvua mabuibui yao wakabaki na nguo na dhahabu ambazo hakuna mwanamume asiye maharimu anayeruhusiwa kuziona. Kumwingiza humo mpiga video wa kiume haikuwezekana, na kuiacha kamera nje haikukubalika. Hivyo wakapatikana wanawake wenyewe wa kazi hiyo. Nawaona wao kuwa ndio mafundi hasa, maana waliibeba dhamana ambayo wanaume hawakuibeba: mkanda usipite kwa fundi yeyote wa kuunganisha picha, nakala zihesabike, na kila moja ijulikane iko nyumba gani. Mtafiti Minou Fuglesang, ambaye kitabu chake juu ya wasichana wa Lamu kilitoka mwaka 1994, aliona vema kuvitaja stara na video pamoja katika jina la kitabu chake, na mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa kwa nini. Leo dhamana hiyo imehamia mlangoni, ambapo wageni hupekuliwa mikoba na kuacha simu zao.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1995 ukaja mkanda mdogo wa MiniDV, wa dakika 60, ambao nakala yake ilikuwa sawa na asili. Kompyuta zikachukua nafasi ya deki mbili zilizounganishwa kwa waya. Mkanda ukawa diski. Kisha mwaka 2008 Canon wakatoa 5D Mark II, kamera ya picha za mnato iliyoweza pia kupiga video, na vijana wakaipenda kwa namna ilivyoacha uso wazi na kufifiza yaliyo nyuma. Lakini ilikuja na mambo mawili yasiyofaa harusi zetu. Haikuweza kurekodi zaidi ya dakika 12 kwa mkupuo, na khutba ya nikahi haina habari na dakika 12. Kadhalika ilihesabu picha 30 kwa sekunde, ilhali umeme wetu ni wa mapigo 50, hivyo chini ya taa za mirija ukumbi mzima ulionekana ukipepesa kama kope, mpaka kampuni ilipotoa programu ya kuirekebisha mwaka 2010. Hatimaye zikaja kamera ndogo zisizo na kioo ndani, zenye kuona gizani kuliko jicho la paka, na ile taa ya wati elfu ikapumzishwa.

Lakini tazama kilichotokea. Kamera ilipokuwa ndogo, vijana wakaanza kuivika: fremu ya chuma kuizunguka, kipaza sauti chenye manyoya juu yake, kioo cha kutazamia ubavuni, mpini wa kulia na mpini wa kushoto, hata ikarudi kuwa na ukubwa ule ule wa M9000. Wataeleza kwamba kila kifaa kina kazi yake, na ni kweli, ingawa nimekwisha kuona kipaza sauti kisichochomekwa popote.

Hivi karibuni nilikuwa katika harusi moja ya jamaa zetu Tanga. Kijana wa video alikuwa amefika mapema, amesimama karibu na jukwaa na kamera yake mkononi, uchi, haikutimia ukubwa wa kopo la maziwa. Bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele akamtazama, akatazama mlangoni, kisha akamwita kwa kidole.

"Mjukuu wangu, huyo mwenye kamera mbona hajafika?"

"Shikamoo bibi. Ndiye mimi."

"Marahaba," akasema bibi, akaendelea kutazama mlangoni. Kijana akainama, akafungua begi lake, akaanza kuitoa ile fremu ya chuma.