Njia Ilikuwepo Kabla ya Kibao

Vijana wa mjini siku hizi tumepata ugonjwa mpya, nao ni ugonjwa mzuri: kupanda milima. Ikifika sikukuu utaona washikaji wamevaa viatu vizito, mabegi mgongoni, wanapanda basi toka Arusha kwenda Babati na kuendelea mpaka Katesh, kuusaka Mlima Hanang. Wengine wanakwenda Mbulu kuingia msitu wa Nou. Wakirudi wanasimulia: tuliamka usiku wa manane, tukapiga mguu, baridi si mchezo, kileleni tukapiga picha. Simulizi inaishia hapo. Mimi niliyemaliza kidato cha nne na kubaki na ndoto ya kuandika riwaya, nikiwasikiliza najiuliza swali moja tu: ile njia waliyopita, nani aliikanyaga kwanza?

Ndugu msomaji, usilidharau swali hilo. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, historia nyingi haikuandikwa kwenye karatasi. Iliandikwa ardhini, kwa miguu ya watu na kwato za ng'ombe. Anayejua kuisoma njia amesoma nusu ya historia ya huko.

Tuanze na mlima wenyewe. Hanang una urefu wa mita 3,417, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa nne kwa urefu Tanzania. Ni volkeno iliyolala, na umesimama peke yake juu ya mbuga, kama mzee aliyeachiwa kiti chake barazani. Njia inayojulikana zaidi inaanzia Jorodom, karibu na mji wa Katesh. Unapita kwenye msitu, kisha unashika mgongo wa mlima mpaka kileleni. Kwenda na kurudi ni kazi ya siku nzima, na maji unabeba mwenyewe, maana huko juu hakuna mto wa kutegemea.

Wajerumani katika ramani zao waliuita Gurui. Lakini Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, walikuwa na mlima wao kabla ya Mjerumani kushika kalamu. Kwao Hanang ni mahali patakatifu. Hata hilo jina la "Mang'ati" ambalo wengi wetu tunawaitia watu hawa, na ambalo mbuga nzima imepewa, chimbuko lake ni neno la Kimasai lenye maana ya adui. Fikiria mwenyewe: watu wanaitwa kwa jina walilopewa na wapinzani wao vitani, nasi tunalitamka kijiweni bila kujua.

Sasa geuka kaskazini. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa liko ziwa Balangida. Hili si ziwa la kuogelea. Maji yake ni ya magadi, na kiangazi kikikaza hukauka, ukabaki uwanda mweupe wa chumvi. Mtalii ataona pazuri pa kupigia picha. Mfugaji anaona dawa, kwa kuwa ng'ombe bila chumvi hastawi. Ndiyo maana kuna njia nyingi zinazoteremka kuelekea ziwani. Hazikuchorwa na mpimaji, zilichorwa na hamu ya mifugo. Ziwa Basotu ni kinyume chake: maji baridi kwenye shimo la volkeno, samaki na viboko humo humo. Mfugaji alizihitaji sehemu zote hizi, mlima, chumvi, maji baridi na mbuga, kila moja kwa msimu wake. Njia ndiyo iliyozishona pamoja.

Ukipanda upande wa Mbulu mambo yanabadilika. Huko ni nyanda za juu za Wairaqw, kilimo cha miteremkoni, ukungu na baridi. Kitovu chao cha zamani ni Irqwar Da'aw, maeneo ya Kainam na Murray. Enzi za kuporwa mifugo, wazee walichimba nyumba zao kwenye miteremko, paa likafunikwa kwa udongo, kiasi kwamba adui angeweza kupita karibu asijue kuna ng'ombe chini. Basi hapo njia ilikuwa na kazi mbili: kumfikisha jirani na kumpoteza mvamizi. Vijito vya msitu wa Nou vinaporomoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Dareda na mabonde ya chini. Maporomoko yale tunayoyafuata kwa ajili ya mandhari ndiyo maji ya kunywa ya watu wa chini.

Bibi yangu mzaa mama, sasa marehemu, alikuwa na msemo wake: mwenye shamba akisogeza jembe mpaka njiani, amewafungia majirani mlango. Nilipokuwa mdogo nilidhani anagombana na jirani tu. Baadaye niliposoma habari za ngano ya Hanang, nikauona uzito wa maneno yale.

Habari zenyewe ni hizi. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano kwenye mbuga za Basotu. Yalifika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd. Kwa jumla zilichukuliwa ekari laki moja hivi. Taifa lilihitaji mkate, hilo sibishi. Lakini ardhi iliyochaguliwa ndiyo Wabarabaig waliyoiita muhajega, malisho bora kuliko yote, sehemu ambayo mifugo ilinenepa kabla ya kiangazi. Katika mzunguko wa mwaka ilikuwa kama moyo katika mwili. Trekta halikuuliza. Njia za kwenda kwenye maji na chumvi zililimwa, na mtu aliyepita alipopita babu yake akawa mvamizi. Hata bung'ed, yale makaburi ya vichuguu wanayojengewa wazee wenye heshima, mengine yalipitiwa na jembe.

Wananchi hawakukaa kimya. Halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Miongoni mwa sababu zake, kijiji hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria, na wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Sina taaluma ya sheria, ila kama mwandishi najiuliza: mtu athibitisheje kwamba ni mwenyeji? Hati hana. Alichonacho ni kaburi la baba yake na njia ya ng'ombe, na vyote viwili vimeshalimwa. Ushahidi wake uligeuzwa kuwa mkate.

Msaada wa Canada ulikoma mwaka 1993. Baadaye NAFCO nayo ikafa, baadhi ya mashamba wakagawiwa wananchi, mengine akapewa mwekezaji. Lakini njia ikishalimwa miaka ishirini, hairudi kwa tangazo.

Isitoshe, mfano wa pili uko humo humo, nao unatia moyo. Upande wa magharibi wa Mbulu, bonde la Yaeda, wanaishi Wahadzabe, watu wa upinde, asali na mizizi. Maisha yao ni ya kutembea, na mtu anayetembea hana ua wala nguzo za kuonyesha kwamba pale ni kwake. Hata hivyo mwaka 2011 walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja juu ya sehemu ya ardhi yao. Yaani Serikali ilikubali kwamba kutembea nako ni kumiliki. Kati ya hukumu ya 1985 na hati ya 2011 ni miaka 26. Riwaya nzima imelala hapo katikati, inamsubiri mwandishi.

Halafu ikaja tarehe 3 Desemba 2023. Alfajiri ya Jumapili, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Serikali ilieleza kwamba si volkeno iliyolipuka, bali miamba dhaifu iliyonyonya maji mengi mpaka ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo vikafuata mikondo ya maji na kushukia Katesh, Gendabi na vitongoji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Baadaye waathirika walijengewa nyumba zaidi ya mia moja eneo la Waret. Jina hilo umeshalisoma hapo juu, kwenye orodha ya mashamba ya ngano.

Sidai kwamba mtu angeweza kuuzuia mlima. Ila janga lile lilitukumbusha kwamba maji nayo yana njia zake, za zamani kuliko zetu sote. Mji unapokua, viwanja hupimwa na majina hubadilishwa. Kijito kilichokuwa na jina kinaitwa mtaro, na korongo linaitwa mtaa. Jina la zamani lilikuwa na habari ndani yake: hapa hupita maji, hapa pana utelezi, hapa ng'ombe hawalali. Likisahaulika, habari nayo imezikwa.

Kwa hiyo, vijana wenzangu mnaotaka kuandika, pandeni milima, tena pandeni sana. Hanang leo ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mnaruhusiwa kuingia kwa utaratibu. Lipieni kiingilio, mchukueni mwongozaji wa pale pale. Lakini pamoja na chupa ya maji, bebeni daftari. Mkifika Jorodom au Kainam, msiulize tu kilele kiko umbali gani. Ulizeni kila kijito kinaitwaje na kwa nini. Ulizeni njia hii ilikuwa ya nini: ya chumvi, ya mahari, ya kukimbia vita, au ya kwenda kuomba mvua. Ulizeni ipi imefungwa, na nani aliifunga.

Andikeni majibu kwa Kiswahili chetu, pamoja na majina ya Kiiraqw na Kidatoga kama yalivyotamkwa. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Safari ijayo mtu akisimama mahakamani akaulizwa uthibitisho wa kwamba ni mwenyeji, au akiulizwa na mjukuu wake wajenge nyumba wapi, pawepo na ukurasa wa kufungua.