Mstari kwanza, mashini nyuma

Wandugu, mashini ya kumwonya shofere gari linapotoka kwenye mstari haioni njia, inaona rangi tu. Kule Michigan, Marekani, walipaka mstari wa katikati tangu 1911. Mashini ilikuja nyuma sana: mwaka 2000 kwenye makamyo ya Mercedes Actros Ulaya, na kamera. Citroën wakafuata 2005, na vijicho chini ya bampa: kiti kinatetemeka upande unaotoka, lakini ukipita kilomita 80 kwa saa tu, na ukiwasha taa ya kugeuka kinanyamaza. Sasa ilete huku Simi-Simi, kwenye njia ya udongo, toleka zinapishana na wenye miguu. Haitasema kitu. Na shofere mugeni atafikiri kila kitu kiko sawa.