Jinsi Simu ya Upepo Inavyokumbuka Njia Yake

Wekeni karatasi hii mbele yenu, na kila mmoja awe na kalamu, maana leo mna hesabu. Tutasema habari za simu ya upepo, yaani radio ile ya kusema na kujibiwa, wanayoitumia askari, madereva wa magari ya wagonjwa na manahodha baharini. Njia za hewani ni nyingi. Je, chombo hicho hujuaje ipi ni yake?

Zamani kilijua kwa jiwe. Usicheke, ni kweli. Liko jiwe gumu linalong'aa kama kioo, liitwalo kwatzi. Ukikata kipande chake na kukitia umeme, hutetemeka kwa mwendo wake mmoja, wala hakiubadili. Kipande kinene hutetemeka polepole, chembamba hutetemeka upesi. Mitetemo hiyo ndiyo iliyoipa radio mawimbi yake. Basi kila njia ilidai jiwe lake.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda cha Galvin cha Chicago, ambacho baadaye kiliitwa Motorola, kiliwatengenezea askari wa Marekani radio ya mkononi yenye alama SCR-536. Uzito wake ulipita kilo 2 kidogo. Ukivuta antena yake juu, radio iliwaka, ukiishusha, ilizimika. Lakini ilikuwa na njia moja tu. Aliyetaka njia nyingine ilimpasa aifungue, atie jiwe jingine na vipande vingine vinavyolingana nalo. Hiyo ni kazi ya fundi, si ya askari aliyelala handakini. Vikosi viwili vyenye mawe mbalimbali viliweza kuonana kwa macho visiweze kusikilizana. Na mawe yenyewe yalitakiwa kwa mamilioni, hali kwatzi nzuri ilitoka hasa Brazil na kuvushwa baharini.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ya Marekani ilianza kuuza kipande kidogo cha silikoni kilichoitwa 4004. Kilibuniwa kwa ajili ya mashine za hesabu za kampuni ya Kijapani, Busicom, na ndani yake mlikuwa na transista 2,300. Kipande cha namna hii huitwa maikroprosesa. Mwaka huo huo Dov Frohman, mhandisi wa kampuni hiyo hiyo, alitoa kumbukumbu ya umeme iwezayo kuandikwa, ikafutwa kwa mwanga, ikaandikwa tena. Na umeme ukikatika, haisahau. Kabla miaka ya 1980 haijaisha, maikroprosesa na kumbukumbu zilikuwa zimeingia katika simu za upepo, na namba ikachukua mahali pa jiwe.

Namna gani? Mfikirie nahodha ambaye injini yake imezimika usiku, na mkondo unamchukua. Anabonyeza chaneli ya 16, ambayo baharini imewekwa kwa kuitana na kuomba msaada. Mawimbi ya chaneli hiyo hutetemeka mara 156,800,000 kwa sekunde. Asipoyapata hayo hasa, hakuna atakayemsikia.

Ndani ya radio yake kuna mtambo wa mitetemo usio na jiwe, uwezao kuharakishwa au kupunguzwa mwendo. Pembeni limebaki jiwe moja tu. Tuchukue mfano kwamba mitetemo ya jiwe hilo imepunguzwa mpaka ikawa 25,000 kwa sekunde. Sasa mitetemo ya mtambo hugawanywa kwa 6,272, na jibu hulinganishwa na ile 25,000 ya jiwe. Jibu likizidi, mtambo hupunguzwa mwendo, likipungua, huharakishwa, yakilingana, huachwa hapo. Zidisha mwenyewe: 25,000 mara 6,272. Umeona? Wakati wa kusikiliza hutumika namba nyingine, lakini kazi ni ile ile.

Basi ile 6,272 ndiyo siri yote. Maikroprosesa ni kama karani. Nahodha akibonyeza 16, karani huenda kwenye kabati la kumbukumbu, hufungua sanduku la 16, huchukua namba iliyomo na kuipeleka kwenye kigawanyi. Ni karani mwepesi mno, lakini hana akili ya kuuliza. Akikuta namba yenye makosa, ataipeleka vilevile.

Kabati lenyewe halina wino. Lina vijumba vidogo sana. Kijumba chenye umeme tunakisoma 1, kisicho nao tunakisoma 0. Namba 6,272 ni 4,096 na 2,048 na 128 zikijumlishwa, basi huandikwa 1100010000000: vijumba 13, na vitatu tu vina umeme. Katika kumbukumbu isiyosahau, kila kijumba kimezungukwa na ukuta mwembamba kama wa kioo. Umeme ulioingizwa humo hukaa miaka 10 na zaidi, hata betri ya radio ikitolewa.

Iko kumbukumbu ya pili, ambayo ni kama ubao wa chaki: umeme ukikatika, imefutika. Karani huitumia kwa kazi za papo hapo, na kwa hizo inafaa sana. Lakini baadhi ya radio za miaka ya 1980 ziliwekewa humo maagizo yote ya karani, zikitegemea betri ndogo ya ndani kuyalinda. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi mbaya. Betri hiyo ilipokufa baada ya miaka kadhaa, radio ikawa bubu. Nyaya zilikuwa nzima, spika nzima, lakini karani hakujua hata aanzie wapi.

Sasa shika kalamu. Chaneli ya 6, ambayo vyombo vya baharini huzungumzia vyenyewe kwa vyenyewe, ina mitetemo 156,300,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 25,000, upate namba ambayo karani ataikuta katika sanduku la 6. Kisha jaribu kuiandika kwa 1 na 0. Mkikutana darasani, mwonyeshe mwenzako.