Kivumishi Kilichoongezwa: Le Corbusier baina ya Daftari na Tafsiri

Ni maandishi machache ya usanifu majengo ya karne ya 20 yaliyosomwa kwa mapana kuliko Vers une architecture, kitabu ambacho Le Corbusier alikichapisha mjini Paris mwaka wa 1923. Aghalabu wahakiki hukichukulia kuwa tangazo la talaka baina ya usasa na mapokeo. Makala haya yanadai kwamba sehemu ya usomaji huo ilizaliwa na tafsiri.

Sura nyingi za kitabu hicho zilianza kama makala katika jarida la L'Esprit Nouveau, lililoasisiwa mwaka wa 1920. Maana ya jina lake ni ‘Kuelekea Usanifu’ tu. Frederick Etchells alipokifasiri kwa Kiingereza mwaka wa 1927, alilifanya jina hilo kuwa ‘Kuelekea Usanifu Mpya’. Aidha, pale mwandishi alipozungumzia ujazo wa maumbo, mfasiri alitumia neno lenye maana ya tungamo. Hivyo umbo linalodhihirishwa na mwanga likageuka kitu kizito. Tafsiri ya John Goodman iliyorekebisha mambo hayo mawili haikutoka hadi mwaka wa 2007, yaani miaka 80 baadaye.

Ushahidi dhidi ya talaka hiyo umo katika daftari za michoro. Mwaka wa 1911, Charles-Édouard Jeanneret, ambaye hakuwa bado amejipa lakabu ya Le Corbusier, alisafiri na August Klipstein kupitia nchi za Balkani hadi Istanbul, mlima Athos na Athens. Alichora misikiti, nyumba za wanavijiji na hekalu la Parthenon. Safari hiyo haikusahaulika. Katika kitabu cha 1923, anapofafanua ramani ya jengo, mwandishi anatoa mifano ya Msikiti wa Kijani wa Bursa na nyumba za Pompeii. Hata pale picha za motokaa zinapowekwa sambamba na za Parthenon, hoja haiwi kwamba motokaa imelishinda hekalu. Hoja ni kwamba vyote viwili ni matunda ya kigezo kilichonolewa hatua kwa hatua.

Hata hivyo, si haki kumtwika mfasiri lawama yote. Kitabu chenyewe kinatangaza kuingia kwa enzi mpya, na mwaka wa 1925 mwandishi huyo huyo alipendekeza kubomolewa kwa sehemu kubwa ya katikati ya Paris. Upya ulikuwamo, kosa la Etchells ni kuupandisha hadi kwenye jalada, ukatawala usomaji kabla ya ukurasa wa kwanza kufunuliwa.

Masimulizi ya safari ya 1911 yalichapishwa kama kitabu mwaka wa 1966, mwaka mmoja baada ya mwandishi kufariki. Kwa hiyo wasomaji wa Kiingereza walikutana na mtangazaji wa upya miongo kadhaa kabla ya kumjua mwanafunzi wa magofu. Kwa mhakiki wa Kiswahili, ambaye mara nyingi huzifikia nadharia za Ulaya kupitia Kiingereza, funzo ni bayana: kabla ya kuikubali au kuikataa nadharia, sharti aulize ni maneno ya nani anayoyasoma.