Nyumba ya Wakfu Haipangishwi Hivi Hivi

Mahari na dakhalia tumeshazizungumza sana, leo tuizungumze nyumba. Mie nashona nguo za maharusi, na siku hizi kuna swali linaloulizwa kabla hata hatujachagua kitambaa: mtakaa wapi? Biharusi amezaliwa Mji Mkongwe, mama yake na bibi yake wamezaliwa humo humo, lakini yeye anakwenda kuanza maisha Fuoni au Kisauni, kwa kuwa chumba cha mjini mwenyewe anawapangisha wageni kwa siku. Simlaumu mwenye nyumba. Riziki ni riziki, na paa la boriti za mikoko linakula fedha.

Ila tukidhani jambo hili limekuja na watalii tutakosea. Unguja imeishi kwa wageni wa muda mfupi tangu enzi za majahazi. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba, yalishuka majahazi ya Oman, Hadhramaut, Ghuba na Bara Hindi, na watu wake walikaa mjini mpaka kusi igeuke ndipo warudi makwao. Miezi yote hiyo walihitaji pa kulala. Kuna waliofikia kwa jamaa, na kuna waliopanga vyumba vya Malindi na Funguni. Na tatizo lilikuwepo. Miaka ya 1860 watu wa mji waliwaogopa baadhi ya wageni hao wa kaskazini kwa kuiba watoto na watumwa na kuwapakia majahazini. Enzi za Sayyid Majid ikatolewa amri ya kuwakataza watu wasiwapangishe nyumba wageni wa aina hiyo. Kwa hiyo serikali kumwambia mwenye nyumba nani amlaze na nani asimlaze si jambo la leo wala jana.

Pamoja na nyumba hizo za kupangisha, palikuwa na nyumba za aina nyengine kabisa, na hizi ndizo zilizonifanya niandike. Nazo ni nyumba za wakfu.

Wengi tunalijua neno lakini tunalihusisha na msikiti tu. Wakfu ni mali unayoitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ikawa haiuzwi, hairithiwi, wala hatunukiwi mtu. Yenyewe inabaki pale pale, yanayotumika ni manufaa yake. Sayyidna Umar alifanya hivyo kwa ardhi yake ya Khaybar, na katika wasia wake msimamizi aliyemtaja ni binti yake, Bi Hafsa. Hapo nakuomba usimame kidogo. Msimamizi wa wakfu ule mkubwa alikuwa mwanamke, Mama wa Waumini, na hakuna aliyeona ajabu.

Wanawake wa Unguja waliufuata mwendo huo. Karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliandikisha wakfu wanawake wa kila daraja: wa ukoo wa kifalme, masuria, wake wa wafanyabiashara, hata wanawake waliowahi kuwa watumwa wakaachwa huru na baadaye wakapata kibanda au shamba dogo la karafuu. Mmoja aliweka nyumba wakae jamaa zake na kizazi chao. Mwengine aliweka wakae aliowaacha huru, wasije wakafukuzwa na warithi siku atakapofumba macho. Wengine walisema nyumba ipangishwe, kodi inunue mafuta ya taa za msikiti, futari ya masikini, au asomewe khitma kaburini kwake. Siku hizi tungesema ni jumuiya za kusaidia jamii. Hazikuwa na ofisi wala mhuri, zilikuwa na hati, mashahidi na nadhiri wa kuzisimamia.

Na upangishaji ulikuwa na kanuni zake. Wanazuoni wa Kihanafi, kwa mfano, walisema nyumba ya wakfu isikodishwe zaidi ya mwaka mmoja kwa mara moja, na ardhi isizidi miaka mitatu. Sababu yake inaeleweka na kila mwenye nyumba: mpangaji akikaa mno huanza kusema pake, na aliyekuwa anajua ukweli ameshafariki. Kwa hiyo mkataba mfupi ulikuwa kinga ya mali ya masikini. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu dukani, maana leo ni ufupi wa mkataba ndio unaomtoa masikini mjini.

Waingereza walipoishika Zanzibar waliona mali nyingi imefungwa isiuzike, na hesabu zake ziko mikononi mwa familia. Mwaka 1905 ikaundwa Kamisheni ya Wakfu. Tuseme haki: palikuwa na manadhiri waliokula kodi na kuacha nyumba zikianguka, na kamisheni ilileta daftari na hesabu. Lakini iliyaleta na macho yake. Afisa wa kikoloni akitazama pesa za khitma au za futari aliona zinapotea bure, na sheria za baadaye ziliipa kamisheni uwezo wa kuipeleka ziada kwenye mambo ambayo serikali iliyaona yana faida. Bi fulani aliandika anataka asomewe, akajibiwa akiwa kaburini kwamba kuna matumizi bora zaidi. Hapo mimi siwezi kukaa kimya: kusimamia mali ya mtu ni jambo moja, na kumbadilishia nia yake ni jambo jengine.

Ng'ambo hali ilikuwa ngumu zaidi. Kule mtu alijenga kibanda chake cha miti na udongo juu ya ardhi ya mwengine, na wenye vibanda wengi walikuwa wanawake. Watu waliamini sehemu kubwa ya ardhi ile iliwekwa wakfu ili wanyonge wakae. Zamani kodi ya kiwanja haikudaiwa kabisa au ilikuwa kidogo sana. Ikaja kupanda, na katika miaka ya 1920 ikawa mzigo. Mwaka 1928 watu wakagoma kulipa. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, na waliposhitakiwa na kufungwa baadhi yao, umati ulikwenda kuwatoa wenyewe. Serikali iliyokuwa ikisema hayo ni mambo baina ya mwenye ardhi na mpangaji ikalazimika kutunga sheria ya kuizuia kodi ya kiwanja isipande ovyo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ikawa ya serikali, nyumba nyingi zikataifishwa, na waliotoka shamba wakapata pa kukaa mjini kwa kodi ndogo. Walionufaika ni wengi, lakini kodi ile haikutosha hata chokaa, na nyumba za wakfu nazo zikachakaa pamoja na nyengine. Sheria mpya ya wakfu ilikuja 1980, kisha nyengine 2007, na ndiyo iliyotupa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana tunayoijua.

Utalii ulifunguliwa miaka ya 1980. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauweka mji katika urithi wa dunia. Leo ukitaka kugeuza nyumba ya kuishi iwe ya wageni unahitaji kibali cha mamlaka hiyo, na biashara yenyewe inataka leseni chini ya sheria ya utalii. Ukitazama maswali ya sheria hizi utaona yanahusu milango, kuta, vyoo, moto, kodi na usajili. Ni maswali mazuri, na baada ya Beit el Ajaib kuporomoka Disemba 2020 hakuna wa kuyadharau. Lakini swali la hati ya wakfu halimo: nyumba hii ni ya nani kukaa?

Nadhiri anaweza kusema kwamba akiwapangisha wageni atapata zaidi, na kwa hicho zaidi atasaidia masikini wengi. Ikiwa aliyeweka wakfu alisema ipangishwe, kodi itolewe sadaka, hoja yake ina nguvu, mradi hesabu ionekane. Ikiwa alisema wakae jamaa zake au wajane, basi haina, hata mgeni akilipa dhahabu. Mafaqihi wanalishika sharti la mwenye kuweka wakfu kama maandiko ya sheria.

Kina dada wa vikundi vya upatu wananiuliza kama wasajili jumuiya au waweke wakfu. Jumuiya ina katiba na viongozi wa kuchaguliwa, na inafaa kwa kazi zinazobadilika, kama kuwasomesha mayatima au kusaidia harusi za wasiojiweza. Lakini nyumba au kiwanja unachotaka kibaki vile vile mpaka kwa wajukuu kinahitaji wakfu, nao uandikwe Kamisheni mbele ya mashahidi, na atajwe nani akae, nani asimamie, na kama wageni wapangishwe au wasipangishwe. Andika kwa maneno yasiyo na njia mbili.

Anayetaka kuona walivyoandika bibi zetu, kumbukumbu za wakfu zimehifadhiwa Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Nyingi zimeandikwa kwa Kiarabu, kwa hiyo nenda na mtu anayekisoma vizuri.