Hedifoni tatu, moja iuzwe

Wadau, likizo imekwisha na nauli ya kutoka Chanika, Handeni, kurudi chuo haijatimia. Nina hedifoni tatu, moja lazima iondoke. Nimeamua kuziamua kwa historia.

Ile kubwa yenye pini nene, milimita 6.35, ndiyo mzee wao. Pini hiyo ilianzia kwenye mabodi ya simu karne ya 19, mhudumu akichomeka kwa mkono kuunganisha watu. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, akaliuzia jeshi la majini hedifoni zake. Za stereo zikaja na John Koss, 1958. Halafu Walkman ya Sony, 1979, watu wakaanza kutembea nazo barabarani. Zee hili naenda nalo, adapta ninayo.

Ya waya, ya bei chee, siuzi ng'o! Redio kwenye simu nyingi hutumia waya huo kama antena. Usipochomeka, hushiki stesheni. Bibi anapata taarifa ya habari bila bando. Hiyo namwachia.

Imebaki isiyo na waya. Tamu kweli, ila chaji ikiisha ni pambo tu, na bei yake peke yake inajazia nauli. Anayeitaka aje kabla ya basi la asubuhi.